Mwongozo Kamili wa Kupata Mkahawa wa Kitaliano wa Kweli Unguja, Kuanzia Mji Mkongwe Hadi Kiwengwa

Malalamiko ninayoyapokea ni yale yale. Mtu kaona bendera ya kijani, nyeupe na nyekundu mlangoni, kaingia, kaletewa tambi zilizolowa, sosi ya chupa na jibini ya pakiti iliyoganda juu ya mkate. Kalipa pesa ambayo mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, ingelisha nyumba nzima. Wengine ni madereva na waongoza watalii: mgeni wao kutoka Milano au Bari kaomba chakula cha kwao, wakampeleka pasipofaa, na mgeni kaacha nusu sahani.

Kosa linaanzia kwenye kipimo. Watu wanatafuta Mtaliano: wakimwona mzungu kaunta wanatulia, wakimkuta Mswahili wanaondoka. Kwa Unguja kipimo hicho hakifai. Vijana wengi wa Kiwengwa, Pwani Mchangani na Nungwi wamekaa miaka mingi jikoni mwa hoteli za Wataliano, na wanalijua donge la unga kwa kuligusa tu. Wapo pia Wataliano wenye mikahawa ambao wenyewe hawapiki. Unachotafuta wewe ni jiko linalofuata kanuni za chakula chenyewe, na jiko la namna hiyo lina dalili zinazoonekana.

Sitataja majina ya mikahawa. Hapa kwetu mpishi akihama, chakula huhama naye, jina likabaki ukutani. Ukizijua dalili, utaweza kupima mahali popote, mwaka wowote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Simu yenye chaji na bando, kwa ramani, kwa kupiga picha menyu, na kwa saa ya kuhesabu sekunde. Saa utaihitaji kweli. Hatua ya 5 inaeleza.
- Shilingi taslimu, pamoja na noti ndogondogo. Mashine za kadi zipo, lakini mtandao hukatika, na baadhi ya mikahawa huongeza ada kwa anayelipa kwa kadi.
- Mwenzako mmoja. Mkiwa wawili mnaagiza sahani mbili za mtihani na kuonja zote.
- Jioni mbili: moja ya kutembea na kuuliza, moja ya kula. Ukizichanganya, njaa itakuamulia.
- Msimamo wako kuhusu nguruwe, pombe na uchinjaji. Uamue nyumbani, usiuamue mbele ya sahani inayofuka moshi.

Angalia na msimu. Agosti na mwisho wa Disemba ndipo Wataliano wanapofurika, na majiko yanakuwa na bidhaa mpya. Masika, hasa Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hufungwa au huwapa wapishi likizo. Wakati huo baki mjini. Ramadhani nenda usiku baada ya futari, na upige simu kwanza kuuliza saa zao.

## Hatua ya 1: Amua unataka Italia ipi

Italia haina chakula kimoja. Pizza yenye ukingo uliofura ni ya Napoli. Carbonara, amatriciana na cacio e pepe ni za Roma. Tagliatelle zenye sosi ya nyama ni za Bologna, pesto ni ya Genova, na biringani, dagaa na wino wa ngisi vina heshima kubwa Sicilia.

Kwa nini uanze hapa? Kwa sababu mpishi mzuri huwa na kwao. Ukiingia na swali la jumla, "mna chakula cha Kitaliano?", kila mtu atakujibu ndiyo. Ukiuliza "mna pizza ya Napoli?", ama atakueleza, ama atababaika.

Ushauri wangu kwa mkaazi wa Unguja ni kuanza na Napoli au Sicilia. Tungule (nyanya), biringani, ngisi na jodari tunavyo vibichi hapa hapa, na sahani nyingi za huko hazina nguruwe. Sahani maarufu za Roma zinasimama juu ya shavu la nguruwe, na ukiliondoa inabaki sahani nyingine.

*Umefanikiwa ikiwa:* unaweza kutaja kwa sentensi moja mji na sahani unayoitafuta.

## Hatua ya 2: Gawa eneo, usitembee ovyo

Mji Mkongwe ugawe sehemu mbili. Ya kwanza ni ukingo wa bahari, Shangani hadi Forodhani. Hapo wageni hupita mara moja wasirudi tena, kwa hiyo mkahawa unaweza kuishi miaka bila mteja hata mmoja aliyeridhika. Sehemu ya pili ni ndani: Hurumzi, Kiponda, Mkunazini, Vuga. Huko mkahawa unategemea wakaazi, wafanyakazi wa ofisi na wageni wanaokaa muda mrefu. Sisemi ukingoni hakuna kizuri, ila anzia ndani.

Pale Forodhani usiku utaitwa kwenye pizza ya Zanzibar: unga uliotandazwa mwembamba, ukatiwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu, ukakunjwa na kukaangwa kwenye chuma bapa. Ni chakula chetu na nakipenda. Hakihusiani na safari hii.

Pwani, kitovu cha Wataliano ni Kiwengwa na Pwani Mchangani. Gari ya Kiwengwa ni nambari 117, ya Nungwi ni 116. Nungwi na Kendwa kuna mchanganyiko wa mataifa, kwa hiyo menyu nazo zimechanganyika. Paje na Jambiani ni vivyo hivyo.

*Tahadhari mbili.* Daladala za kurudi mjini huadimika jioni, kwa hiyo panga usafiri wa kurudi kabla hujaketi. Pili, hoteli kubwa nyingi za Kiwengwa zina lango na chakula cha wageni waliolala humo tu. Piga simu uulize kama wanapokea mtu wa nje na kwa malipo gani.

*Umefanikiwa ikiwa:* una mikahawa mitatu au minne kwenye ramani yako, na angalau mmoja hauko ukingoni.

## Hatua ya 3: Waulize wanaolilisha jiko

Papasi, yule dalali wa watalii barabarani, atakupeleka pale anapopata kamisheni. Simlaumu, ndiyo riziki yake, lakini hakuna sababu ya yeye kujua donge limekandwa lini. Mitandao ya kutoa nyota nayo inaeleza zaidi mandhari na tabasamu la mhudumu kuliko chakula.

Nenda Malindi asubuhi kwenye soko la samaki, au Darajani kwa wauza mboga. Hao ndio wanaojua nani ananunua nini. Salimia kwanza, kisha uliza swali lenye ncha:

"Assalaam alaykum. Samahani mzee wangu, katika wapishi wa hoteli za mjini, nani huja mwenyewe kuchagua samaki?"

"Alaykum salaam. Wengi wanatuma vijana, mwanangu. Anayekuja mwenyewe ni yule wa kule ndani. Anawafunua mashavu mmoja mmoja, tena hataki wa jana."

Jibu la namna hiyo linashinda nyota mia. Kwa wauza mboga uliza nani anachukua mrehani wa majani mapana kila siku. Mrehani ukikatwa hausubiri. Jiko linalonunua kila asubuhi linautumia mbichi, na linalonunua mara moja kwa wiki linatumia wa chupa.

Chanzo cha tatu ni waongoza watalii wanaosema Kitaliano. Usiwaulize wanawapeleka wapi wageni. Waulize Wataliano wanaoishi Unguja wanakula wapi siku zao za mapumziko.

*Umefanikiwa ikiwa:* jina moja limetajwa na watu wawili wasiojuana.

## Hatua ya 4: Isome menyu ukiwa umesimama

Menyu huwa nje au mlangoni. Isome kabla ya kukaribishwa kiti, kwa sababu ukishakaa utaona haya kuondoka.

Dalili nzuri ni menyu fupi, sahani za siku zilizoandikwa kwa chaki, na maelezo yanayotaja viungo vichache. Pesto ikiandikwa, iwe na mrehani, njugu za msonobari, kitunguu thomu, mafuta ya zeituni na jibini. Korosho badala ya njugu hizo si kosa kubwa hapa kwetu mradi wameandika wazi. Margherita iwe tungule, mozzarella, mrehani na mafuta ya zeituni, basi.

Dalili mbaya ni hizi. Carbonara yenye krimu: ile ya Roma ni yai, jibini ya pecorino, shavu la nguruwe na pilipili manga, na ule ulaini unatoka kwenye yai. Tambi za kuku kwa sosi nyeupe zilizowekwa kama fahari ya nyumba: hizo zimekulia Marekani. Kaa au kamba vilivyofunikwa jibini. Na ukurasa mmoja wenye kari, baga, sushi na pizza kwa pamoja: hakuna jiko dogo linaloweza kuyaandaa yote hayo yakiwa mapya, kwa hiyo mengi yako kwenye friza.

Makosa ya tahajia yasikushughulishe sana. Nimeona menyu iliyoandikwa vibaya na chakula safi kabisa.

## Hatua ya 5: Litazame tanuri

Hapa ndipo penye ukweli mwingi, kwa hiyo tukae kidogo.

Pizza ya Napoli ina kanuni zilizoandikwa. Umoja wa Ulaya ulizisajili mwaka 2010, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapika pizza wa Napoli kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Donge ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira tu, bila mafuta, bila sukari, bila maziwa. Linatandazwa kwa mikono. Upana wake usizidi sentimita 35, na ukingo uwe umefura sentimita 1 hadi 2. Sakafu ya tanuri iwe karibu nyuzi 485 za Selsiasi, na pizza iive kwa sekunde 60 hadi 90.

Kila kanuni ina sababu. Mikono inausukuma upepo wa hamira kutoka katikati kwenda pembeni, ndiyo maana ukingo unafura. Kifimbo cha chapati kinautoa wote. Joto kubwa linaivisha haraka kabla maji ya ndani hayajakauka, kwa hiyo pizza inakunjika bila kuvunjika. Oveni ya nyumbani haifiki joto hilo, basi unga unakaa ndani muda mrefu na kuwa kama biskuti.

Sasa fanya hivi. Omba kukaa mahali unapoliona tanuri. Pizza ya mtu mwingine ikiingizwa, anza kuhesabu.

Ikitoka kabla ya dakika mbili, uko Napoli. Ikichukua dakika kadhaa lakini ni nyembamba na inalia ikikatwa, huenda ni ya mtindo wa Roma, ambayo husukumwa kwa kifimbo na ina heshima yake. Muulize mpishi, atafurahi umejua. Ikipita dakika kumi, rudi kwenye ramani yako.

Ikifika mezani, inua ukingo kwa uma utazame chini. Unataka madoa madogo ya kahawia yaliyotawanyika. Chini kukiwa kweupe kote, sakafu ya tanuri ilikuwa baridi. Kukiwa kweusi kote, jivu halikufagiwa au moto ulizidi. Pasua ukingo: ndani uone mashimo makubwa na madogo yasiyolingana, na harufu iwe ya mkate, isiwe ya hamira mbichi.

Katikati ya pizza ya Napoli ni laini na ina unyevu kidogo. Usiirudishe jikoni ukidhani haijaiva. Ndivyo ilivyo, na wengi wanaoniandikia wamewahi kurudisha pizza iliyo sahihi kabisa.

Kisha uliza: "Donge la leo limekandwa lini?" Donge zuri huumuliwa kwa muda wa saa 8 na zaidi. Jibu linalotia moyo ni jana usiku au alfajiri. Kwa joto letu la Disemba na Januari unga hufura upesi mno, basi mpishi anayejua hupunguza hamira na kuliweka donge kwenye friji. Hapo ndipo umeme unapoingia: ukikatika usiku kucha na hakuna jenereta, donge la kesho limeharibika. Mkahawa unaokwambia "leo hakuna pizza, donge halikukaa vizuri" umekupa dalili kubwa kuliko zote nilizozitaja. Rudi siku nyingine.

*Tahadhari:* yapo matanuri ya pambo. Tanuri la kuni huhitaji saa nzima na zaidi kupata moto. Ukilikuta baridi wakati wateja wameshaanza kula pizza, zinatoka kwingine. Tanuri la gesi au la umeme si kasoro mradi joto linafika. Saa yako itakwambia.

Mkahawa usiokuwa na pizza upime kwa muda wa tambi. Tambi kavu zinahitaji karibu dakika kumi kwenye maji yanayochemka. Zikikufikia dakika tatu baada ya kuagiza, zilichemshwa mapema na kupashwa. Mhudumu akikwambia "itachukua robo saa, tutawachemshia", mshukuru na usubiri.

## Hatua ya 6: Maswali ya halali

Kuna jambo ambalo watu hawalitegemei: kadiri mkahawa unavyofuata asili, ndivyo unavyopaswa kuuliza zaidi. Mkahawa wa kubabaisha hutia nyama ya ng'ombe kila mahali. Mkahawa wa kweli hufuata mapishi, na mapishi mengi ya Italia yana nguruwe au mvinyo mahali usipopatarajia.

Mfano ni sosi ya nyama ya Bologna. Mapishi yake yaliwekwa rasmi kwenye Chemba ya Biashara ya mji huo mwaka 1982, na ndani yake mna pancetta, ambayo ni nguruwe, pamoja na mvinyo. Wali wa risotto huanza kwa kumiminiwa mvinyo mweupe, na sosi nyingi za samaki vilevile. Guanciale, prosciutto, speck, mortadella na 'nduja zote ni nguruwe. Bresaola ni ng'ombe, ila uliza kachinjwa wapi.

Tiramisu uliza daima. Wapishi wengi hutia mvinyo wa Marsala au ramu, ingawa inasimama vizuri kabisa kwa kahawa peke yake.

Kuna na jibini. Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, na pecorino ya Roma kwa cha mwanakondoo. Kanuni zao ndivyo zinavyotaka. Wanazuoni wanatofautiana katika suala hilo, basi mwenye shaka amuulize mwalimu wake kabla ya siku ya safari.

Uliza kwa upole na kwa uwazi: "Kaka, samahani. Sosi hii imetiwa mvinyo au nyama ya nguruwe? Na kisu cha kukatia pizza ni hicho hicho kwa zote?" Sikiliza namna anavyojibu zaidi ya anachojibu. Anayesema "ngoja nimuulize mpishi" na akaenda kweli ni mtu wa kuaminika. Anayesema "hamna, hamna, halali zote" kabla hujamaliza swali usimwamini.

Mpishi akikataa kukupikia carbonara bila nguruwe, usikasirike. Kukataa kwake ni uaminifu. Vilevile akikwambia wazi kwamba ya kwake ameitengeneza kwa nyama ya ng'ombe, huyo pia ni mkweli, na unajua unakula nini.

Sahani ambazo asili yake haina nguruwe wala mvinyo ni nyingi, na ni tamu: pizza margherita na marinara, tambi za tungule, tambi za kitunguu thomu na mafuta ya zeituni, tambi za Norma za Catania zenye biringani, biringani za parmigiana, tambi za pesto. Mtu anaweza kula mwezi mzima asirudie.

Kama hupendi kukaa penye ulevi, omba wakufungie. Pizza ichukue ukiwa na mahali pa karibu pa kulia, kwa sababu ikikaa dakika kumi ndani ya boksi mvuke unailowesha. Tambi usifungiwe kabisa.

*Umefanikiwa ikiwa:* umejibiwa bila kuzungushwa, na umeagiza ukiwa na moyo mtulivu.

## Hatua ya 7: Agiza sahani ya mtihani

Usianze na sahani ghali. Kamba mti na uyoga wa gharama huficha udhaifu wa mkono. Agiza margherita moja na spaghetti za tungule moja. Hazina pa kujificha.

Kuhusu tambi, kuna mazoea yetu yanayotupotosha. Tumekulia kwenye tambi za Ramadhani, zenye tui, sukari na iliki, zilizoiva hadi zikalegea. Za Kitaliano zinatakiwa zilikatalie jino kidogo. Ng'ata uzi mmoja, utazame ulipokatika: katikati kuna nukta ndogo iliyopauka. Hiyo nukta ndiyo unayoitafuta. Tambi zilizokuwa bokoboko haziwezi kushika sosi, na mpishi hana namna ya kuzirudisha.

Tambi kavu za Italia, kwa sheria yao tangu mwaka 1967, hutengenezwa kwa ngano ngumu, ndiyo maana zinastahimili moto bila kupasuka. Kawaida yao jikoni ni lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi. Ukionja uzi usio na sosi nao una ladha, maji yalitiwa chumvi ipasavyo.

Halafu tazama sosi. Iwe kidogo, iwe imeshikamana na kila uzi. Wapishi wazuri huzimalizia tambi ndani ya kikaango pamoja na sosi na maji kidogo waliyochemshia. Wanga wa yale maji ndio unaounganisha. Sahani ikibaki na utelezi mwembamba unaofutika kwa kipande cha mkate, kazi imefanyika. Ikibaki na kidimbwi chekundu cha maji, sosi ilimwagiwa juu tu.

Tungule zetu ni nzuri, lakini nyingi zina maji. Anayezitumia bila kuzikausha kwa moto atakupa kidimbwi hicho. Ndiyo sababu majiko mengi hutumia tungule za kopo kutoka Italia kwa sosi, na mbichi kwa saladi. Sioni ubaya wowote.

Jibini ya kunyunyizia iletwe kama kipande kinachokunwa mbele yako, au iliyokunwa siku hiyo. Ganda la Parmigiano Reggiano lina jina lake kwa vidotidoti pande zote. Omba kuliona, mpishi mwenye nalo hulionyesha kwa fahari. Mozzarella si lazima itoke Italia. Njombe wanatengeneza jibini za mtindo wa Kitaliano, na ikiwa mbichi inaishinda iliyosafirishwa ikiwa imegandishwa.

*Umefanikiwa ikiwa:* sahani mbili za bei ndogo zimekufanya utake kurudi.

## Hatua ya 8: Mtihani wa pili, samaki

Jiko likifaulu hatua ya 7, ndipo urudi kwa samaki. Hapa Unguja inaweza kuwapiku hata Wataliano. Desturi ya Italia ni kupika kilichoko karibu, kwa hiyo mkahawa wa kweli kwenye kisiwa chetu utakuwa na jodari, ngisi, pweza na kamba, wala hautang'ang'ania samaki wa kopo kutoka ng'ambo.

Uliza samaki wa leo ni nani na ameshushwa wapi. Uliza kama wana tambi za wino wa ngisi. Ngisi aliyegandishwa na kuoshwa kiwandani mara nyingi hana tena mfuko wake wa wino, basi sahani hiyo hukwambia mengi. Pweza awe laini bila kuwa utelezi. Usiombe jibini juu ya samaki: wengi wao huona inafunika ladha ya bahari, na mhudumu anayekutahadharisha kwa heshima amefunzwa vizuri.

Bahari ikichafuka kwa kusi kali, samaki hupungua. Siku hizo mkahawa mkweli hufupisha menyu.

## Hatua ya 9: Kahawa na bili

Kahawa ndogo nyeusi iwe na povu la rangi ya dhahabu juu, iletwe mara tu inapotoka kwenye mashine. Kapuchino Wataliano huinywa asubuhi. Wewe kunywa utakapo.

Kabla ya kuagiza uliza kama bei zimejumuisha kodi na huduma, na uliza bei kwa shilingi. Mistari ya bili uilinganishe na picha ya menyu uliyopiga. Dai risiti. Baadhi hutoza kiti na mkate kama wanavyofanya Italia. Ni halali ikiwa imeandikwa kwenye menyu, na kama haikuandikwa una haki ya kuikataa.

## Hatua ya 10: Weka kumbukumbu ya mpishi

Watu wengi wanapata mahali pazuri, wanampeleka mgeni baada ya miezi mitatu, wanaaibika. Mkahawa ni ule ule, mpishi siye.

Ukiridhika, omba kumshukuru mpishi mwenyewe. Nenda hadi kwenye dirisha la jiko, mpe mkono, muulize jina na zamu zake. Wapishi wetu husifiwa mara chache, kwani sifa huishia kwa mwenye mkahawa, na anayemjua mpishi kwa jina hupikiwa kwa moyo. Andika kwenye simu jina, sahani uliyokula, mwezi, na majibu uliyopewa kuhusu nguruwe na mvinyo.

Kabla ya kumpeleka mgeni au familia, piga simu uulize kama mpishi yule yupo zamu leo. Akiwepo, weka meza. Akiwa amehama, uliza kahamia wapi, kisha nenda huko uanze tena kwenye hatua ya 4.